Pikapu inayovuta tela: mipira ya kawaida, ya C au ya LT?

Ukikaa kidogo barabara ya Kizimkazi, kusini mwa Unguja, asubuhi utaziona zinapita: Hilux mbele, tela nyuma, juu yake boti ya faiba imefungwa kamba na mashine zimeinuliwa. Upande wa Paje na Jambiani ni matela ya maji na matofali yanayokwenda kwenye majengo ya hoteli. Pemba, msimu wa karafuu ukishaingia, ni magunia. Na wenye gari hizi wakienda kununua mipira, swali lao la kwanza huwa lile lile: "Una ya plai ngapi?"

Swali si baya, ila limekuja mapema. Kabla ya plai kuna mambo mawili ya kujua: kila mpira unakaliwa na kilo ngapi, na zigo la tela linabebwa na nani hasa, mipira ya gari au ya tela lenyewe. Rai yangu naitoa mwanzo ili mwenye haraka aondoke nayo: kama pesa yako inatosha upande mmoja tu, ianzie kwenye tela. Pikapu nyingi zinazovuta hapa kwetu zimevaa mipira inayotosha kwa uzito, hata kama ina kasoro nyengine. Matela ndiyo yaliyovishwa masalio: mipira iliyotolewa kwenye gari ndogo ilipoanza kuisha kashata (yale meno yanayokanyaga barabara), mbavu zimepasukapasuka kwa jua, upepo haujaguswa tangu lini, Mungu ndiye ajuaye.

Namba ya kusoma ni ile inayofuata saizi

Watu wengi husoma 265/65R17 wakaishia hapo. Mbele yake kuna namba nyengine na herufi: 112S, 110/108R, 120/117Q. Herufi ni ya mwendo. S ni kilomita 180 kwa saa, R ni 170, Q ni 160. Anayekwenda Nungwi na boti nyuma aiache herufi. Hatofika huko, na akifika tatizo lake si mpira.

Namba ndiyo ya kushika. Yenyewe si kilo, ni nambari ya jedwali moja linalotumiwa na viwanda vyote, na kila nambari ina kilo zake. Zikiwa mbili, kama 110/108, ya kwanza ni ya mpira unaobeba peke yake, ya pili ni pale mipira inapofungwa pacha kama nyuma ya Canter. Pacha hupewa kilo pungufu kwa sababu mzigo haugawiki nusu kwa nusu kila wakati. Barabara ikiwa na mgongo, au mmoja ukipungua upepo, mwenzake anaelemewa.

Na plai je? Zamani ilikuwa hesabu ya kweli ya tabaka za nyuzi za pamba ndani ya mpira. Leo mpira ulioandikwa 8PR hauna tabaka nane; ni daraja la nguvu tu. Tena daraja hilo halikwambii kilo. Mpira wa 185R14C wa plai 8 unabeba kilo 850, na 205R16C wa plai 8 hiyo hiyo unabeba 1,060. Tofauti ya kilo 210 kwa kila mpira, na wote wawili dukani wanaitwa "plai nane".

Hizi ndizo saizi zinazohusu mjadala wetu (C, XL na LT nazieleza chini):

| Mpira | Namba | Kilo, mpira mmoja peke yake | Upepo unaohitajika kubeba kilo hizo |
|---|---|---|---|
| 195/65R15 wa gari ndogo | 91 | 615 | 36 psi |
| 185R14C plai 8 | 102/100 | 850 | 65 psi |
| 205R16C plai 8 | 110/108 | 1,060 | 65 psi |
| 265/65R17 wa kawaida | 112 | 1,120 | 36 psi |
| 265/65R17 XL | 116 | 1,250 | 42 psi |
| LT265/65R17 plai 10 | 120/117 | 1,400 | 80 psi |

Safu ya mwisho, ya upepo kwa psi kama geji inavyosoma, ndiyo inayosahauliwa, na bila hiyo safu ya kilo haina maana. Mpira wenyewe hauna nguvu ya kubeba. Kinachobeba ni upepo uliomo ndani, mpira ni mfuko wa kuuzuia usitoke. Mpira wa 205R16C uliotiwa 32 psi kwa sababu "ndivyo tunavyotia siku zote" haubebi kilo 1,060. Utabeba pungufu kwa kiasi kikubwa, na ukilazimishwa, ubavu unajikunja kila unapozunguka, unapata moto, mpira unaachana na nyuzi zake. Ndiyo maana mipira mingi ya tela hupasuka mchana wa kaskazi, lami inapowaka, wala si usiku.

Wa kawaida, ule gari ilikuja nao

Tuanze na 265/65R17 wenye 112. Huu ni mpira wa starehe: laini, haupigi kelele, unashika vizuri kwenye lami iliyolowa, na hauongezi ulaji wa dizeli. Kwa mtu anayevuta boti mara moja kwa wiki kutoka mjini hadi Fumba, na nyuma ya pikapu hakuna kitu, unatosha.

Kasoro yake ni kwamba asili yake ni mpira wa gari ya abiria. Marekani wana kanuni juu ya hili: mpira wa namna hiyo ukifungwa kwenye pikapu au tela, kilo zake zinagawanywa kwa 1.10. Kwa hiyo 1,120 inakuwa 1,018, na 615 ya mpira wa gari ndogo inakuwa 559. Hapa kwetu hakuna atakayekusimamisha kukudai hesabu hiyo, lakini mimi naifuata, kwa sababu pikapu na tela hupata mitikisiko ambayo gari ndogo haipati, na barabara za kuingilia pwani zinajulikana.

Kuna kitu kimoja kinachowapoteza watu kwenye mpira huu. Simama kwa fundi mipira yeyote pale Mwanakwerekwe utasikia mazungumzo kama haya:

"Sheikh, nitilie sitini nyuma, nashusha boti Nungwi."

"Mpira huu sitini hauchukui. Soma ubavuni, mwisho wake hamsini na moja."

"Basi nitilie hiyo hamsini. Na tela liache, liko sawa, nililitia Idi."

Kuujaza mpira wa kawaida kupita 36 hakuongezi hata kilo moja ya uwezo wake. Unakuwa mgumu, kashata za katikati zinaliwa kwanza, na ukipiga shimo unapasuka kirahisi zaidi. Na bwana huyu, kama ulivyomsikia, amehangaikia mipira miwili ya gari isiyo na tatizo, akaiacha miwili ya tela yenye tatizo.

Ukiupenda mpira wa kawaida lakini unataka nafasi zaidi, tafuta saizi ile ile yenye maandishi XL, yaani Extra Load, mzigo wa ziada. Umejengwa kuchukua upepo wa 42 psi na namba yake inapanda hadi 116. Ukipigwa ile hesabu ya 1.10 unabaki na kilo 1,136. Kwangu mimi hili ni chaguo linalopuuzwa bila sababu: hubadilishi rimu, gari haiwi ngumu kupita kiasi, na umeshapata kilo zaidi ya mia kwa kila mpira.

Wa C, mpira wa kazi

Herufi C mwishoni mwa saizi maana yake ni mpira wa gari za biashara. Ndio uliomo kwenye Hiace za daladala na kwenye Hilux za kazi zinazotoka kiwandani na rimu za inchi 16. Ni mwembamba na hauna mbwembwe, na vijana wanauona wa kizee. Lakini 205R16C unabeba kilo 1,060 kamili, bila ile hesabu ya kupunguza, kwa sababu ulitengenezwa kwa mzigo tangu mwanzo. Ubavu wake ni mgumu, kwa hiyo tela likiyumba pikapu haiyumbi nalo sana.

Ubaya wake unauona gari ikiwa tupu. Ukiiacha 65 nyuma bila mzigo, gari inarukaruka, na mvua za masika zikinyesha mkia unateleza kwenye kona. Inabidi uwe mtu wa geji: pandisha unapopakia, shusha unaporudi mtupu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Asiyeweza tabia hiyo asinunue C, wala LT. Kwa gari zilizotoka Japani kibandiko kimeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi. Kwa hiyo 220 ni kama 32.

Rimu zako zikiwa za 17, 205R16C si yako, wala usibadilishe rimu kwa ajili yake peke yake. Zipo C za inchi 17, kama 225/70R17C yenye 108/106, ambayo ni kilo 1,000.

LT, mpira wa wanaume, au ndivyo wanavyodhani

LT ni kifupi cha Light Truck, gari nyepesi za mizigo, na huandikwa mwanzoni: LT265/65R17. Ule wa plai 10 una herufi E kando ya saizi na unabeba kilo 1,400. Kwenye karatasi hakuna wa kushindana nao. Ubavu ni mnene, kashata ni ndefu, na kwa njia za Michamvi au zile za kushukia pwani ya Makunduchi, ambako jiwe la matumbawe linakata ubavu kama wembe, mpira huu unaokoa pesa. Kama unapita kwenye mawe kila siku, acha kusoma, nunua LT.

Kwa kuvuta tela tu, mambo hayako wazi kiasi hicho. Kilo 1,400 zinapatikana kwa 80 psi. Ukiutia 35, LT unabeba pungufu ya mpira wa kawaida wa saizi ile ile uliotiwa 35. Soma tena sentensi hiyo, kwa sababu ndipo watu wanapoliwa. Mtu anatoa pesa nyingi, anavua mipira ya 112, anavaa ya 120, anaitia upepo wa kibandiko kama alivyozoea, na gari yake sasa ina uwezo mdogo kuliko jana. Kibandiko kiliandikwa kwa mpira wa kawaida. Ukihamia LT, kwa mzigo ule ule lazima upandishe upepo.

Halafu kuna vali. Ile vali ya mpira ya kawaida inayochomekwa kwenye rimu imepimwa kwa 65 psi. Ukitaka kwenda 80 unahitaji vali ya chuma ya kufunga kwa nati, au ile maalumu ya upepo mkubwa. Na rimu nayo ina kikomo chake cha upepo na cha kilo. Muulize fundi aangalie kabla, kwa sababu rimu za urembo nyengine hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ongeza uzito wa mpira wenyewe, dizeli inayozidi, na mgongo wako kila unapopita tuta gari ikiwa tupu.

Wenye Land Cruiser za pikapu wana yao, 7.50 ya inchi 16, mara nyingi yenye tubu. Hapo angalia alama moja ndogo: 7.50-16 yenye kistari ni mpira wa nyuzi za mshazari, 7.50R16 ni redio, yaani radial, wa nyuzi zilizonyooka toka ubavu hadi ubavu. Ule wa kistari ni mgumu kuuchana ubavu lakini unapata moto haraka kwenye safari ndefu ya lami. Kwa kuvuta, R. Na kamwe usifunge mmoja wa kistari na mmoja wa R kwenye ekseli moja.

Hesabu ya boti, kilo kwa kilo

Chukua boti ya kawaida ya watalii. Ganda la faiba kilo 700, mashine mbili kilo 200, mafuta lita 120 ni kama kilo 90, nanga na kamba na vesti za kuokolea kilo 60. Tela lenyewe la chuma kilo 350. Jumla 1,400. Sasa boti imelala nje siku mbili za mvua bila turubali, na ndani kuna maji kama lita 100 ambayo hakuna aliyeyatoa. Imeshafika 1,500.

Katika hizo, sehemu fulani inakaa kwenye mkono wa tela, pale linaposhikana na gari. Kiwango kizuri ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani kilo 150 hadi 225. Ikipungua hapo, tela hutikisa mkia kila lori linapokupita. Ikizidi, nyuma ya pikapu inakaa chini na usukani unakuwa mwepesi. Kuupima si kazi: ile mizani ya kupimia magunia inatosha. Weka gogo juu yake lifikie urefu wa boli la gari (lile tufe la chuma la kushikia tela), laza mkono wa tela juu ya gogo, soma, toa uzito wa gogo. Ukiona hauko sawa, sogeza boti mbele au nyuma juu ya tela, usihamishe matangi ya mafuta ukadhani umemaliza, maana mafuta yatakwisha.

Tuseme mkononi kuna kilo 180. Zimebaki 1,320, na tela lina ekseli moja, mipira miwili. Kila mmoja anakaliwa na kilo 660.

Sasa vaa mipira ya gari ndogo, 195/65R15 yenye 91. Kwenye jedwali ni 615, imeshashindwa. Kwa hesabu ya 1.10 ni 559, imeshindwa kwa kilo 101 kila upande, na hapo tunasema mipira ni mipya na ina upepo kamili. Halafu fikiria ile ya tangu Idi.

Vaa 185R14C yenye 102. Kilo 850 dhidi ya 660: kuna nafasi ya 190 kwa kila mpira, rimu ni ndogo, na boti inakaa chini kidogo, jambo linalosaidia kuishusha majini. Huu ndio mpira ninaompendekezea mtu mwenye boti ya kiasi hiki, na sioni sababu ya kupita hapo. Duniani ipo mipira maalumu ya matela, huandikwa ST, yenye ubavu mgumu sana. Ukiipata yenye kilo zinazotosha, itie kwenye tela bila wasiwasi, lakini usiifunge kwenye gari inayovuta, haikutengenezwa kwa usukani na breki.

Kwa maji hesabu ni fupi zaidi na mbaya zaidi. Tangi la lita 1,000 ni kilo 1,000, halina siri. Tatizo ni tangi lililojaa nusu: maji yanakwenda mbele ukifunga breki, yanarudi nyuma ukiondoka, na uzito wa mkono unabadilika njia nzima. Jaza pomoni au mwaga, na weka akiba kubwa zaidi ya kilo kwenye mipira kuliko ya boti. Hapo 195R15C yenye 106, kilo 950, inanipa usingizi.

Tela la ekseli mbili linagawa mzigo kwa mipira minne na linatulia zaidi, ila kwenye tuta ekseli moja hunyanyuka na nyengine kubeba karibu zigo zima. Usiligawe kwa nne ukajiamini.

Na pikapu yenyewe?

Tela la kilo 1,500 haliikalii gari kilo 1,500. Linaikalia zile 180 za mkono, na zaidi kidogo, kwa sababu boli liko nyuma ya ekseli: likisukuma chini, pua ya gari inanyanyuka na uzito wake unahamia nyuma. Kwa pikapu yenye mita 3.1 kati ya ekseli na boli lililo mita 1.2 nyuma, kilo 180 zinakuwa kama 250 kwenye ekseli ya nyuma.

Sema nyuma tupu ni 850, abiria wameongeza 100, bodini kuna vyombo vya kilo 400, na hizo 250. Jumla 1,600, kila mpira 800. Linganisha: wa kawaida 1,018, XL 1,136, C 1,060, LT 1,400. Wote wamepita. Ndiyo maana nikasema pikapu kwa kawaida haina kesi.

Sasa boti ile ile, lakini bodini umetia mifuko 18 ya saruji ya kilo 50 kwa sababu njia ni moja na jirani ameomba. Ekseli ya nyuma inafika 2,100, kila mpira 1,050. Wa kawaida umeshindwa. C umepita kwa kilo 10, na mimi siuiti huo ushindi. XL umepita, LT umepita kwa raha. Lakini kabla hujakimbilia LT, soma kibandiko au kitabu cha gari kinachosema ekseli ya nyuma inaruhusiwa kilo ngapi na gari nzima ngapi. Huenda mpira umepita na gari imeshindwa. Mpira wa namba kubwa hauongezi uwezo wa springi, breki wala chasisi. Mwambie jirani saruji itakuja kesho.

Pemba ina hesabu yake. Karafuu kavu ni nyepesi kwa ujazo wake, tela linajaa kabla ya kulemewa, kwa hiyo mipira ya C ya kawaida inatosha kupeleka magunia kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Tela lile lile ukilijaza mchanga uzito unazidi zaidi ya maradufu, na hapo ndipo linapovunjika. Kinachosumbua Pemba ni vilima. Ukitoka Mkoani kwenda Chake unapanda na kushuka, na tela lisilo na breki linakusukuma kila mteremko. Kwa njia hizo ubavu mgumu wa C una faida kuliko laini wa 112, hata pale kilo zinapolingana.

Canter naipita haraka, kwa sababu wenyewe wanajua: 7.50R16 ya plai 14 yenye 122/118 ni kilo 1,320 kila mpira ukiwa pacha, 5,280 kwa minne ya nyuma. La kuangalia ni pacha zilingane urefu na upepo, na jiwe lisikwame katikati yao.

Mtumba wa Japani

Mipira ya mtumba siikatazi, ila soma vitu viwili. Cha kwanza ni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi huweka miaka 10 kuwa mwisho kabisa hata kama kashata ni mpya, na wanataka mpira ukaguliwe kila mwaka baada ya mitano. Tela hukaa juani muda mrefu kuliko linavyotembea, kwa hiyo mipira yake huzeeka kabla ya kuisha. Mimi kwenye tela sipiti miaka sita.

Cha pili ni picha ndogo ubavuni ya mlima wenye chembe ya theluji, au neno STUDLESS. Huo mara nyingi ni mpira wa baridi. Japani ya kaskazini inauhitaji. Raba yake ni laini makusudi ili ishike barafu. Ukiubonyeza kwa ukucha kashata zinaingia. Kwa lami ya Januari ya hapa, na tela nyuma, unayeyuka, na hata kama namba yake ni 112 usiuchukue.

Upepo upime asubuhi, mpira ukiwa baridi, baada ya sala ya alfajiri kabla gari haijatoka. Mpira uliokwisha tembea unaonyesha upepo zaidi, na ukiupunguza hapo utakuwa umepungua kweli utakapopoa. Vipimo vyote vya kwenye jedwali ni vya mpira baridi.

La mwisho ni spea. Wengi wana spea ya pikapu na hawana ya tela, na tela ndilo linalopasua. Kama unachongesha tela jipya, mwambie mchomeleaji akutilie habu zenye nati sita za kipimo kile kile cha pikapu yako, ulivishe mipira ya C ya saizi ya pikapu, basi spea moja inafaa kotekote. Tela litapanda juu kidogo. Boli lishushwe ili mkono ukae sawa na ardhi. Kama tela ni la zamani lenye rimu za 14, nunua mipira mitatu badala ya miwili, na ule wa tatu ufungie kwenye mkono wa tela lenyewe, usiuache nyumbani Jang'ombe.